Nukta Kwanza, Mstari Baadaye: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unaposoma Grafu ya Mtawanyiko

Masharti haya yanamhusu kila anayeamua jambo kwa kutazama nukta: afisa mipango wa halmashauri, muuguzi wa kliniki ya watoto, mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwandishi wa habari aliyepewa ripoti jioni na anayetakiwa kuwa na habari kabla gazeti halijakwenda mitamboni. Grafu ya mtawanyiko ni nyepesi kuchora. Kila nukta ni mtu mmoja, shamba moja au safari moja, nayo huwekwa mahali pake kwa vipimo viwili, kimoja kikisomwa kwenye mhimili wa chini na kingine kwenye mhimili wa wima. Kwa kuwa ni nyepesi kuchora, watu hudhani ni nyepesi kusoma. Jicho huwahi kuona mstari, na mstari ukishaonekana, ni wachache wanaorudi kuzikagua nukta moja moja.

Soma mihimili yote miwili kabla ya kutazama umbo. Soma kinachopimwa, kwa kipimo gani, kuanzia wapi hadi wapi. Mhimili usioanzia sifuri si kosa kwenye grafu ya aina hii, lakini ukibanwa au kutanuliwa, uhusiano uleule utaonekana mkali au hafifu. Usiuite uhusiano "mkubwa" kwa sababu mstari wake umesimama wima zaidi. Nguvu ya uhusiano hupimwa kwa jinsi nukta zilivyobanana kuzunguka mwelekeo wao. Mwinuko hubadilika mara tu mchoraji anapogeuza kilo kuwa gramu.

Uliza nukta moja inasimama badala ya nini. Sharti hili hupuuzwa hata na wasomi. Nukta ikiwa ni mkoa, grafu inazungumzia mikoa. Haiwazungumzii watu wanaoishi humo. Mwaka 1950 mwanasosholojia wa Marekani, William S. Robinson, alichukua takwimu za sensa ya nchi yake ya mwaka 1930 akalinganisha mambo mawili: kuzaliwa nchi ya nje na kutojua kusoma na kuandika. Alipoyalinganisha majimbo 48 ya wakati huo, uhusiano ulikuwa hasi, takriban -0.53: majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache. Alipowatazama watu wenyewe mmoja mmoja, uhusiano uligeuka kuwa chanya, takriban 0.12: mhamiaji alielekea kidogo zaidi kutojua kusoma kuliko mzaliwa. Hapakuwa na kosa la hesabu. Wahamiaji walikuwa wamekwenda kuishi kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma. Basi ukipewa grafu ya kaunti 47 za Kenya, andika kuhusu kaunti. Usithubutu kuandika hata sentensi moja kuhusu Mkenya mmoja mmoja, kwa sababu hayumo kwenye grafu hiyo.

Usichore jumla pale panapotakiwa viwango. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu karibu milioni 4.4 Nairobi na watu 143,920 Lamu. Chora chochote kwa jumla, iwe ni shule, ajali za barabarani au wagonjwa wa kisukari, na Nairobi itakaa juu kulia, Lamu chini kushoto, nawe utadhani umegundua uhusiano. Ulichokiona ni kwamba penye watu wengi pana vitu vingi. Gawanya kwa idadi ya watu, kisha chora upya. Tanzania ni vivyo hivyo: Dar es Salaam, iliyohesabiwa watu milioni 5.38 mwaka 2022, itaburuta kila mstari hadi ugawanye.

Tafuta nukta ambazo hazikuchorwa. Hili ndilo sharti zito kuliko yote, na kulivunja kumegharimu maisha ya watu.

Jioni ya tarehe 27 Januari 1986, wahandisi na mameneja walijadiliana kwa simu kama chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kirushwe kesho yake katika baridi isiyo ya kawaida kwa Florida. Hofu ilikuwa juu ya pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi za pembeni, kwani katika baadhi ya safari za nyuma pete hizo zilikutwa zimeliwa na moto au zimepitisha gesi. Swali lilikuwa kama baridi inahusika. Walioamua walizilinganisha safari zenye madhara tu. Safari hizo zilikuwa 7, na madhara yalitokea kuanzia nyuzijoto 12 za Selsiasi hadi nyuzijoto 24. Zichore hizo 7 peke yake: nukta moja iko kwenye baridi, nyingine kwenye joto, na huoni mwelekeo wowote.

Tume iliyochunguza ajali hiyo, chini ya William Rogers, ilichora grafu ya pili na kuongeza safari 17 ambazo hazikuonyesha madhara. Nukta hizo zote zililala kwenye sifuri, na zote zilikuwa upande wa joto. Kati ya safari 20 zilizorushwa maungio yakiwa na nyuzijoto 19 au zaidi, ni 3 tu zilizopata madhara. Kati ya safari 4 zilizorushwa yakiwa na nyuzijoto 17 au chini yake, zote 4 zilipata. Takwimu za safari hizo 17 zilikuwepo tangu mwanzo. Challenger ilirushwa asubuhi ya tarehe 28 hewa ikiwa na nyuzijoto 2, ikasambaratika sekunde 73 baadaye. Watu 7 walikufa, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Kwa hiyo ukiletewa grafu ya walioumwa, dai walio wazima. Ukiletewa grafu ya biashara zilizoshamiri, dai zilizofungwa. Grafu ya alama za kidato cha nne haina watoto walioacha shule kidato cha pili, na huenda hao ndio habari yenyewe.

Usipeleke mstari mahali pasipo na nukta. Safari ya baridi kuliko zote kabla ya Challenger ilikuwa ile ya nyuzijoto 12. Kati ya 12 na 2 hapakuwa na nukta hata moja. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo walishauri chombo kisirushwe chini ya nyuzijoto 12, yaani watu wasitoke nje ya yale waliyokwisha kuyaona, na mameneja wao wakaupindua ushauri huo. Mahali ambapo nukta zimeisha, sema kwamba zimeisha. Mkulima aliyejaribu mbolea kuanzia mfuko mmoja hadi mitatu kwa ekari hajakuambia lolote kuhusu mifuko minane.

Ukiona makundi, simama. Usichore mstari mmoja juu ya makundi mawili au matatu. Kati ya mwaka 2007 na 2009, kwenye visiwa vilivyo karibu na kituo cha utafiti cha Palmer huko Antaktiki, walipimwa pengwini 344 wa aina tatu, na vipimo vyao sasa vinafundishiwa takwimu vyuoni. Weka urefu wa mdomo kwenye mhimili wa chini na unene wa mdomo kwenye mhimili wa wima. Mstari mmoja wa wote unashuka: kadiri mdomo unavyorefuka, ndivyo unavyopungua unene. Sasa zipake nukta rangi kwa aina ya ndege, utazame tena. Ndani ya kila aina mstari unapanda! Adelie wana midomo mifupi minene, wastani wa milimita 39 hivi kwa 18. Gentoo wana midomo mirefu iliyo myembamba zaidi, karibu milimita 47.5 kwa 15, kwa hiyo kundi lao lote limekaa chini kulia na kuuvuta mstari wa jumla ushuke. Aliyeusoma mstari huo peke yake amejifunza jambo ambalo si kweli kwa aina yoyote ya ndege waliopimwa.

Kwa watu hali ni hiyohiyo, na hasara yake ni kubwa zaidi. Kabla ya kutamka lolote kuhusu saa za kujisomea na alama za mtihani, zipake nukta rangi: shule za bweni na za kutwa, za serikali na za binafsi, mjini na kijijini. Uhusiano ukigeuka, tangaza uliogeuka, hata kama ule wa kwanza ndio uliompendeza aliyekutuma.

Chunguza kama kundi limeletwa na maisha au na mpimaji. Katika sensa na tafiti za kaya za nchi zetu, watu wengi hutaja umri unaoishia na 0 au 5, hasa pale ambapo cheti cha kuzaliwa hakipo. Ukichora umri wa mama na idadi ya watoto wake, nukta zitajipanga safu za wima kwenye 30, 35 na 40, na kati ya safu kutakuwa na uwazi. Hakuna kizazi kilichozaliwa kwa kuruka miaka mitano mitano. Safu hizo zimetoka kwenye dodoso. Kuna tatizo la pili hapohapo: watoto huhesabiwa kwa namba kamili, kwa hiyo nukta moja unayoiona inaweza kuwa wanawake 40 waliolaliana. Zipe nukta rangi nyepesi inayopitisha mwanga, au zisogeze kidogo sana huku na huku ili zionekane. Usikadirie wingi kwa nukta usizoweza kuzihesabu.

Usibuni makundi. Nukta zikitawanyika kwa bahati tu, baadhi hukutana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakazi wa London waliamini kwamba mabomu ya V-1 ya Wajerumani yalikuwa yakilenga mitaa fulani. R. D. Clarke aligawanya eneo la kusini mwa jiji katika miraba 576, akahesabu mabomu 537 yaliyoangukia humo, na mwaka 1946 akaonyesha kwamba mtawanyiko wake ulilingana karibu kabisa na ule wa bahati nasibu. Mwenye kudai kwamba kuna kundi ndiye mwenye wajibu wa kulithibitisha.

Usifute nukta kwa sababu inaharibu mstari. Nawasihi hasa walio kwenye sekta ya afya walishike sharti hili. Chukua grafu ya watoto wa kliniki, kimo chini, uzito wima. Kuna nukta moja: sentimita 100, kilo 10. Kimo cha sentimita 100 ni cha kawaida kwa mtoto wa karibu miaka minne. Kilo 10 ni uzito wa kawaida kwa mtoto wa mwaka mmoja. Ukikagua safu ya vimo peke yake, hutashtuka. Ukikagua safu ya uzito peke yake, hutashtuka pia. Ni hapo viwili vinapokutana ndipo nukta inaanguka peke yake, chini kabisa ya wenzake, na maana yake ni mtoto mwenye utapiamlo mkali anayetakiwa kuanza matibabu leo. Programu ya kompyuta iliyoagizwa kusafisha data itamwondoa, na wastani utapendeza. Hilo ni kosa la kumwachisha mtu kazi.

Rudi kwenye daftari. Nukta ikijitenga, jambo la kwanza ni kufungua fomu ya asili na kulinganisha. Mara nyingine utakuta 7.5 imeingizwa 75. Sahihisha, na uandike kwamba umesahihisha. Mara nyingine utakuta mizani ya siku ile haikurudishwa kwenye sifuri, na hapo si nukta moja tu yenye shaka, ni zote za siku ile. Ikiwa fomu inasema vilevile kama kompyuta, nukta ibaki.

Kisha uliza kwa nini iko pale. Katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2000, ukichora kaunti 67 za Florida, kura za George W. Bush chini na kura za Pat Buchanan wima, nukta zote zinafuatana kwa utulivu isipokuwa moja. Palm Beach ilimpa Buchanan zaidi ya kura 3,400. Kaunti iliyoifuatia ilimpa zipatazo 1,000 tu, na Miami-Dade, iliyo kubwa kuliko zote, haikufikisha 600. Daftari lilikuwa sahihi. Kura zilihesabiwa kama zilivyotobolewa. Kasoro ilikuwa kwenye karatasi ya kura. Majina yalipangwa kushoto na kulia, matundu ya kutoboa yakawekwa katikati, hata tundu la pili likawa la Buchanan ilhali jina la pili upande wa kushoto lilikuwa la Al Gore. Watafiti waliolichambua jambo hilo mwaka 2001 walifanya kile ambacho kila msomaji wa grafu anapaswa kufanya: walitafuta watu wa kaunti ileile ambao hawakutumia karatasi ile. Waliopiga kura kwa posta walikuwa na karatasi ya mpangilio mwingine, na kwao fungu la Buchanan lilikuwa robo tu ya lile la waliopiga siku yenyewe. Hesabu yao ilionyesha kwamba zaidi ya kura 2,000 zilizokusudiwa kwa Gore zilikwenda kwa Buchanan. Bush alilichukua jimbo hilo kwa kura 537, na kwa jimbo hilo akawa rais.

Chora mstari mara mbili, nukta iliyojitenga ikiwemo na isipokuwemo. Mistari hiyo miwili ikifanana, endelea. Ikitofautiana, onyesha yote miwili.

Usiiamini namba moja. Kipimo cha uhusiano, kile kinachoandikwa kwa herufi r na kukaa kati ya -1 na 1, kinapima jambo moja tu: jinsi nukta zinavyokaribia kulala kwenye mstari ulionyooka. Mwaka 1973 mwanatakwimu Mwingereza Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja na nukta 11. Zote nne zina wastani wa 9 kwenye mhimili wa chini na wa 7.5 kwenye mhimili wa wima, r ya zote ni karibu 0.816, na mstari wa zote ni uleule. Zichore sasa. Ya kwanza ni mtawanyiko wa kawaida unaopanda. Ya pili ni upinde. Ya tatu ni mstari ulionyooka kabisa wenye nukta moja iliyochomoza na kuupinda mstari uliokokotolewa. Ya nne ina nukta 10 zilizosimama wima kwenye 8 na moja peke yake kule mbali kwenye 19. Iondoe hiyo moja, na hapana uhusiano wowote wa kuzungumzia. Anayekupa r bila grafu hujui amekupa ipi kati ya hizo nne. Dai grafu.

Taja umbo. Mvua na mahindi ni mfano ambao kila mkulima anaujua: ikikosekana mahindi yanakauka, ikizidi yanaoza mizizi na mbolea inasombwa. Nukta zake zinapanda, zinafika kilele, zinashuka. Kwenye data kama hiyo r inaweza kukaribia sifuri, na mtu mvivu akaandika kwamba mvua haihusiani na mavuno. Mengine hupanda kwa kasi kisha hulegea, kama pato la nchi na umri wa kuishi, mpindo ambao Samuel Preston aliuchapisha mwaka 1975: kwa nchi maskini ongezeko dogo la pato huenda pamoja na miaka mingi ya uhai, kwa nchi tajiri ongezeko hilohilo halionekani. Mstari ulionyooka juu ya mpindo huo unazikosea nchi maskini na nchi tajiri kwa pamoja.

Usiseme "husababisha". Ukichora wilaya kwa idadi ya vituo vya afya na idadi ya wagonjwa wa malaria walioripotiwa, uhusiano unaweza kupanda. Vituo havileti malaria. Penye kituo ndipo penye kipimo, na penye kipimo ndipo mgonjwa anapoandikwa. Wilaya isiyo na kituo ina homa zinazoishia nyumbani, na kwenye grafu yako inaonekana yenye afya. Kiongozi akikata bajeti kwa kusoma grafu hiyo, wagonjwa wasioandikwa wataongezeka na nukta zitazidi kupendeza. Andika "yanakwenda pamoja", kisha taja angalau jambo la tatu linaloweza kuyavuta yote mawili.

Andika chini ya grafu idadi ya nukta, kila nukta ni nini, na data ni ya lini. Ukiwa umeondoa nukta yoyote, itaje hapohapo: ni ipi, imeondolewa kwa sababu gani, na mstari ulikuwaje ilipokuwemo.